Ufunguo Uliokataa

Ofisini, Jumatano 30 Aprili

Mama Mkubwa,

Shikamoo. Najua barua unazipenda kuliko simu, kwa kuwa tupa na misumeno ya kibandani imeshayala masikio yako. Kwa hiyo nakuandikia humu humu simuni, na tafadhali usisome mbiombio kama unavyosoma bili ya maji. Tiketi imetoka. Jina nimelihakiki, linafanana na la kwenye pasipoti. Unaondoka Jumamosi asubuhi. Ofisi yetu ya safari ilinizawadia likizo ya mtu mmoja ng'ambo, na mtu huyo ni wewe, usinibishie tena. Umewafungulia watu milango tangu sijazaliwa. Nenda nawe ukaone milango ya wenzetu.

Sasa nisikilize. Pasipoti yako ipige picha ikae kwenye simu, na nakala ya karatasi iwe mahali pengine kabisa. Mteja wangu mmoja, mwalimu mstaafu, alikunja nakala akaichomeka ndani ya pasipoti yenyewe. Mkoba ulipoibwa, vyote vikaondoka pamoja kama bwana na bibi harusi. Pesa nazo usizirundike mfuko mmoja. Kadi ya hoteli yenye anwani uwe nayo kila utokapo, maana lugha yao huijui na yako hawaijui. Teksi panda zile za foleni nje ya uwanja, si ya mtu anayekuvuta mkono. Bima nimeshakukatia, na namba yake iandike mahali ambapo hata ukizimia mtu ataiona.

Begi lako ni jeusi, na mabegi meusi yote ni pacha. Lifunge utepe wa rangi, na kibandiko chenye jina lako, mtaa wako na namba yangu kikae nje. Na hili nakuomba kwa magoti mawili: vidonge vya presha viwe kwenye mkoba wa begani pamoja na cheti cha daktari. Begi kubwa linaweza kwenda nchi nyingine likakuacha.

Zile nyaya zako za kufungulia kufuli ziache nyumbani. Ukikutwa nazo uwanjani utaeleza mpaka koo likauke. Na ufunguo wa akiba wa nyumba mwachie jirani.

Mwanao,
Bi Tahadhari


Kibandani, Ijumaa 2 Mei

Bi Tahadhari wangu,

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa kucheka. Mtu hajapanda hata ndege ya kuzungusha watoto kwenye maonyesho, lakini anajua foleni ya teksi ya ng'ambo imekaa upande gani! Elimu yote hiyo umeipata kwenye malalamiko ya wateja. Haya, asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini kati yetu mkuu ni nani?

Nimetekeleza karibu yote. Nakala nimetoa, pesa nimezigawa, moja ya sehemu hizo hata mimi mwenyewe itanisumbua kuifikia. Kibandiko nilikibandika, kisha nikakibandua. Mwizi akisoma jina langu na mtaa wangu si atajua nyumba haina mtu? Utepe nao nimeutoa, unaita macho. Badala yake nimefanya jambo la kifundi: kufuli la begi, lile la chini ya mpini, nimelitoa matumbo nikaweka ya kwangu niliyoyachonga. Kwa nje huoni tofauti yoyote, ndio uzuri wake. Fundi mwenzangu wa mtaa wa pili alishinda nalo kutwa, akanirudishia halijafunguka. Ndiyo maana vidonge nimeviweka humo. Mkoba wa begani huporwa, mwanangu. Kufuli langu haliporwi.

Ufunguo wa nyumba simwachii mtu. Jirani ni mwema sana, na wema wake utadumu mlango ukiwa umefungwa.

Nyaya nimeziacha, ingawa mikono naiona mitupu. Sasa wewe unayejua yote niambie: mlango wa ndege hufungwa kwa ndani au kwa nje? Na anayefunga ni nani, na akisahau? Nimewauliza wateja watatu leo, kila mmoja anadai ufunguo wake aende zake.

Mama Mkubwa wako,
Fundi


Foleni ya mkate, Jumamosi 3 Mei

Mama Mkubwa,

Ndiyo kwanza nasoma barua yako. Hamisha vidonge! Kama begi hujalikabidhi, lifungue hapo hapo mbele za watu, usione haya, uvitoe. Nakusihi.

Mlango hufungwa kwa ndani. Nimeuliza.

Mwanao


Hotelini, Jumatatu 5 Mei

Mwanangu,

Barua yako niliikuta nilipowasha simu huku. Usiwe na wasiwasi, nimefika salama salimini.

Sijui nianzie wapi. Mlango wa chumba changu unafunguliwa kwa kadi. Unaigusisha, taa ya kijani inawaka, basi. Nimefungua na kufunga mara nyingi mpaka mpokezi wa hoteli akapanda ngazi kuuliza kama nina shida. Ni mama mwenye miwani ya kamba shingoni, na tunaelewana kwa lugha ya kuokoteza na vidole. Nikamwuliza umeme ukikatika inakuwaje. Akasema haukatiki. Nikamwuliza ukikatika. Akaenda kuniletea chai.

Jana nimetembea mji wa kale wote kwa miguu. Kuna milango mirefu kuliko nyumba yetu, yenye makomeo ya chuma unene wa mkono wangu, na hakuna mtu aliyekatazwa kuyashika! Nimeyashika. Mlango mmoja una tundu la ufunguo ambalo ngumi yangu nusura izame. Nilijiuliza mwenye nyumba aliubebaje huo ufunguo, na kama aliwahi kuusahau sokoni akarudi analia. Mlinzi alinifuata nyuma mtaa mzima, mwisho akachoka akakaa.

Nina maswali mawili ya kukupima kazi yako. Mosi, mtu akitaka vidonge vya presha katika nchi hii, duka la dawa linampa bila cheti? Anayeuliza ni mama mmoja tuliyeketi naye wakati wa chai. Pili, mgeni akifungua begi ambalo si lake, kwa bahati mbaya tu, hajachukua hata uzi, polisi wa huku humfanya nini? Hilo nalo ni la mama yule yule.

Lile gauni langu la maua linanipendeza sana huku. Sijaona haja ya kubadilisha.

Mama Mkubwa wako


Ofisini, Jumanne 6 Mei

Mama Mkubwa,

Huyo mama wa wakati wa chai, mwambie duka la dawa halitampa bila cheti, na cheti bila shaka amekifungia pamoja na vidonge. Mwambie pia kwamba gauni moja tangu Jumamosi ni ushahidi tosha.

Sitaki mzaha leo. Mama yangu, mdogo wako, asubuhi ile ya mwisho wake alisema kichwa kinamgonga kidogo tu, akasema usiambiwe kwa kuwa una kazi ya watu mkononi. Niliporudi shule nilikukuta wewe umekaa kitandani kwake. Neno "kidogo tu" silitaki tangu siku hiyo. Wewe ndiye uliyebaki, na sina mama mwingine wa akiba.

Begi lako liko wapi? Vidonge umemeza lini mara ya mwisho? Jibu hayo mawili. Habari za makomeo nitazisoma baadaye, na nitazifurahia, lakini baadaye.

Mwanao


Hotelini, Jumatano 7 Mei

Mwanangu,

Umenishika. Mara ya mwisho ni asubuhi ya safari, kabla ya kutoka nyumbani. Begi langu sijui liko wapi. Nililonalo ni la mtu mwingine.

Sikiliza ilivyokuwa. Kwenye ule mkanda unaozunguka nililiona begi jeusi, kimo kile kile, mpini ule ule, nikalivuta. Nilipofika chumbani ufunguo ukaingia, haukuzunguka. Mtu mwingine yeyote angesema, jamani, hili si langu. Mimi nikasema vibati vyangu vya ndani ya kufuli vimehama kwa kutupwatupwa na wapakizi. Nyaya sina, nikachomoa pini ya nywele. Kufumba na kufumbua, likafunguka. Hata hapo sikushtuka. Nilichoona ni aibu, kwamba kazi niliyojivunia mtaa mzima imefunguliwa na pini! Nikainua kifuniko nikiwa nimenuna, nikakuta mashati ya mwanamume.

Nililifunga upesi kama niliyeungua. Nimevunja begi la mtu katika nchi ya watu, mwanangu, na kwa kazi yangu hakuna atakayeamini ni bahati mbaya. Fundi kufuli akikutwa na mali isiyo yake, ndio hadithi imekwisha. Kila asubuhi nasema leo ninalirudisha uwanjani. Kila asubuhi namwona afisa ananiuliza nani amelifungua, nalisukuma tena chini ya kitanda.

Tena kuna jambo jingine, nalo utanicheka. Ndani ya begi mna vyombo vimefungwa kwa kitambaa kizito chekundu. Kuna uma wa chuma wenye meno mawili butu usioweza kuchoma hata kiazi. Na kuna ufunguo. Mpini wa mbao umelainika kwa kushikwa, shingo ya chuma, na mwishoni badala ya meno kuna tundu la pembe nne. Ufunguo huu hauingii popote, kitu ndicho kinachoingia ndani yake. Nimeukagua tangu Jumapili. Si wa saa, si wa kasiki, si wa bomba. Maisha yangu yote sijashindwa na ufunguo, na huu hata sijui unafungua nini. Nalifungua begi mara kwa mara nikautazame tu, kisha nalifunga.

Kichwa kinagonga. Sisemi kidogo tu. Kinagonga, na nikiinama naona nyota.

Mama Mkubwa wako


Ofisini, Jumatano 7 Mei

Mama Mkubwa,

Shuka sasa hivi kwa yule mpokezi mwenye miwani. Mwonyeshe namba ya bima, mguse kichwa chako, mwambie daktari. Usimngoje ajisikie vizuri huyo mama wa chai. Bima inalipa daktari kuja hotelini, niliikata ile ghali kwa makusudi.

Ukipata nafuu, begi lipeleke kwenye dawati la mizigo iliyopotea, mle mle uwanjani. Hayo mambo huwatokea watu kila siku, wanayo rafu nzima ya mabegi yaliyochukuliwa kimakosa. Sema ukweli wote, hata wa pini. Ukificha nusu watatafuta nusu.

Niandikie daktari akitoka.

Mwanao


Ofisini, Alhamisi 8 Mei

Mama Mkubwa,

Hujaandika. Nimepiga hotelini, aliyepokea si yule mama, anasema umetoka na begi asubuhi na hujarudi. Simu yako inaita mpaka inakata. Nimempa mteja tiketi ya mji ambao hakuutaka kwa sababu sioni ninachoandika.

Nijibu hata neno moja.

Mwanao


Hotelini, Ijumaa 9 Mei

Mwanangu,

Niko hai, nimekula, nimemeza vidonge vyangu mwenyewe. Simu jana niliiacha mapokezi inachajiwa kwa waya wa kuazima, kwa kuwa chaja yangu nayo niliifungia kwenye begi. Nimezikuta barua zako na simu zako zote. Nisamehe, mwanangu. Najua ulikuwa unamwona nani kitandani.

Daktari alikuja Jumatano ile ile. Alinipima mkono mmoja, akakunja uso, akahamia wa pili kana kwamba wa kwanza ni mwongo. Akanipa dawa akanilaza, na mpokezi akawa anakuja kuchungulia hata zamu yake ilipokwisha. Asubuhi nilipimwa tena, daktari akasema naweza kutoka, mradi nisiende peke yangu. Mpokezi akavua sare, akavaa koti lake, akashika mpini wa lile begi. Sikumwomba! Nilimwangalia njia nzima nikijiuliza anataka nini. Hakutaka kitu.

Kwenye dawati alikuwepo afisa anayetafuna penseli. Akalipokea begi, akalizungusha, akauliza lile swali nililoliota: nani amelifungua? Nikasema mimi. Nikachomoa pini kichwani nikaiweka mbele yake. Akaitazama, akanitazama, akamwita mwenzake wa chumba cha nyuma. Nikajua ndiyo safari ya lupango, nikaanza kumweleza mpokezi akupigie.

Mwenzake akatoka anasukuma begi langu.

Lilikuwa hapo tangu Jumamosi, mwanangu! Mwenye lile jingine alifika nyumbani, ufunguo wake ukakataa, akageuza teksi akalirudisha saa ile ile. Wakataka kulifungua watafute jina la mwenyewe, maana kibandiko nilikibandua, na karatasi ya ndege ilikuwa imenyofoka. Wakamleta fundi wao, akashindwa. Siku zote nilizolala naona nyota, vidonge vilikuwa hapo, vinalindwa na kazi ya mikono yangu. Nilitaka kujivuna kwamba fundi wao ameshindwa. Nikaanza, nikaishia kulia mbele ya watu.

Yeye ufunguo ulipokataa aliuamini ufunguo. Mimi ulipokataa niliuamini mkono wangu. Hilo nimelitafakari usiku kucha na halinifurahishi.

Wakampigia simu mwenyewe, akaja. Ni mzee mwembamba, mashati yake yote nayajua. Nilipaswa kuanza na pole, lakini mdomo ulinitangulia: huo ufunguo unafungua nini? Mpokezi alitafsiri huku amefunika uso. Mzee akacheka mpaka akashika dawati. Akatuashiria tumfuate.

Akatupeleka ukumbi mkubwa mtupu, viti vitupu, na mbele piano imefunguliwa kifuniko. Kumbe yeye ni fundi wa kusawazisha sauti za piano, ule uma ni wa kupimia sauti, na wiki nzima amefanya kazi kwa chombo cha kuazima kinachomwumiza kiganja. Ndani mwanangu kuna vijiti vya chuma vimesimama safu kwa safu kama askari, kila kimoja kimezungushiwa ncha ya uzi wa chuma, vyote vya pembe nne. Akavalisha ufunguo kwenye kimoja, akanishika mkono akauweka juu ya mpini, akagonga kibonyezo. Masikio yangu unayajua. Lakini uzi ulivyokuwa unatetemeka niliusikia kiganjani. Nikazungusha kiasi cha unywele mmoja, mtetemo ukabadilika, nikazungusha tena, mzee akainua kidole: hapo hapo! Kisha akauliza kitu, mpokezi akatafsiri: anasema mkono wako umefundishwa na nani?

Nilimwonyesha kufuli langu. Tulikaa pale mpaka walinzi wakaja kufunga.

Daktari amesema nipumzike, likizo iendelee polepole. Wewe rudi kwenye wateja wako na yule wa mji asioutaka umwombe radhi.

Mama Mkubwa wako


Uwanja wa ndege, Ijumaa 9 Mei

Mama Mkubwa,

Barua yako imenifikia nikiwa nimeshapita ukaguzi. Nimeisoma nimesimama, watu wananipita, nimelia na kucheka kwa wakati mmoja mpaka mfagiaji akaniuliza kama nimefiwa.

Ndiyo, nakuja. Jana jioni ulipokuwa ukizungusha piano za watu mimi nilikata tiketi, ya bei rahisi isiyorudishwa, ile ninayowakataza wateja wote. Bima sina. Hoteli sijapanga, nitalala kwako. Nimebeba viatu viwili vya mguu mmoja. Pasipoti yangu ni ile niliyoiweka miaka yote haina hata muhuri, na nilipoitoa, nakala ilianguka sakafuni, kumbe nami niliichomeka ndani yake. Bosi nimemwambia nina msiba, Mungu anisamehe, msiba wenyewe umekataa kutokea.

Ningeweza kurudi nyumbani sasa hivi, kwa kuwa u mzima. Nimewaza hivyo hapa hapa. Lakini nilivyokaa jana ofisini bila jibu lako sitaki kukaa tena, nataka kukuona kwa macho unameza hicho kidonge.

Ila naogopa, Mama Mkubwa. Nimewapandisha watu ndege mpaka nimesahau idadi, na sijui inakuwaje. Nje naiona yetu, ni kubwa kuliko nilivyodhani, na ni chuma kitupu. Wateja huniambia kuhusu chakula na kuchelewa, hakuna aliyewahi kuniambia hili. Inapoanza kupanda, mtu hushika wapi? Nijibu haraka, wanaanza kutuita.

Mwanao,
Bi Tahadhari


Hotelini, Ijumaa 9 Mei

Mwanangu,

Nitakuwa uwanjani kabla hujatua, na mpokezi amesema atakuja nami. Viatu tutanunua.

Mimi nilishika sehemu za kuwekea mikono, zikawa zinatetemeka kuliko mimi. Basi nikamshika mkono mtu wa kiti cha pembeni. Sikumjua wala sikumwomba ruhusa. Alikuwa mama mnene anasoma kitabu, na hakuacha kusoma, ila aliugeuza mkono wake kiganja juu, ili nishike vizuri.

Mama Mkubwa wako